Kitako Cheusi, Jani Lililoshiba: Kisa cha Kivungulio cha Nyanya Malindi

Usuli

Kikundi cha akina mama kumi na wanne kinalima nyanya nje kidogo ya mji wa Malindi, upande wa kuelekea Mto Sabaki. Jina la kikundi na alama za kukitambulisha tumeziondoa.

Kivungulio chao (greenhouse) ni cha plastiki, upana mita 8 na urefu mita 30. Ndani mna miche 1,000 ya nyanya ndefu zinazofungwa kwa kamba, mistari kumi ya mipira ya umwagiliaji wa matone, tundu moja kila sentimita 30. Maji ni ya kisima. Yanapandishwa kwenye tangi jeusi la lita 1,000 lililo juu ya jukwaa, kisha yanashuka yenyewe. Kipimo cha EC cha maji hayo, yaani kipimo cha chumvi iliyoyeyuka, kilikuwa 1.6, na nyanya huanza kupunguza mavuno maji yakizidi 1.7 hivi, kwa hiyo walikuwa wanalima ukingoni tangu mwanzo. Udongo ni mchanga uliolala juu ya mwamba wa matumbawe, pH 7.9. Matuta yalifunikwa kwa plastiki nyeusi kuzuia magugu.

Muundo wa kivungulio chenyewe ni wa bara. Limuru au Kinangop, ambako usiku wa Julai mtu hulala na blanketi mbili, plastiki hutunza joto na mmea hushukuru. Malindi joto halihitaji kutunzwa. Faida ya kivungulio hapa ni kuzuia mvua na wadudu tu, na kama hakina pa kutolea hewa, faida hiyo inalipiwa kwa gharama kubwa. Hiki kilikuwa na mlango mmoja upande wa mashariki na madirisha ya pembeni yenye kimo cha nusu mita. Paa lilikuwa limezibwa lote.

Miche ilihamishwa kutoka kitaluni mwishoni mwa Novemba ili mavuno yakute soko la Ramadhani, ambayo mwaka huo iliangukia Machi. Kibiashara hesabu ilikuwa nzuri. Kwa mmea ilimaanisha kuzaa katikati ya kaskazi, msimu ambao Malindi huwa na joto kali kuliko wakati wowote wa mwaka.

Yaliyotokea

Kichala cha kwanza kilikuwa salama. Mwishoni mwa Januari nyanya za kichala cha pili na cha tatu zilianza doa la majimaji kitakoni, upande ulioshikilia ua. Baada ya siku nne tano doa linakuwa jeusi, linabonyea na kukauka kama ngozi ya kiatu. Ukilikata hukuti funza wala ukungu, ila nyama ya ndani imekauka na kuwa rangi ya kahawia. Wakati huohuo majani ya ncha yalipauka, mishipa ikabaki ya kijani, na majani ya katikati yakajikunja kuelekea juu kama kijiko.

Duka la pembejeo lilisema ni upungufu wa kalsiamu. Kwa jina la tatizo, walisema kweli: kitako cheusi ni tunda lililokosa kalsiamu. Tiba waliyopewa ilikuwa dawa ya majani yenye kalsiamu, kupuliza kila wiki, na kuongeza mbolea ya CAN (kalsiamu amonia naitreti) kwenye mashina kwa sababu "nayo ina kalsiamu". Walipuliza mara tatu. Kichala cha nne na cha tano vikatoka vibaya zaidi. Mama mmoja alimwuliza afisa wa kilimo, "Mwanangu, dawa tumepiga mara tatu na majani yameng'aa, mbona kitako bado ni cheusi?"

Afisa alishauri majani yapelekwe maabara. Yalichumwa saa saba mchana, yale makubwa ya chini kwa kuwa ndiyo rahisi kufikia, siku tatu baada ya kupuliza. Yakatiwa mfuko wa plastiki, yakasafiri kwa basi hadi Nairobi.

Majibu yalirudi hivi: nitrojeni asilimia 2.6, fosforasi 0.31, potasiamu 1.9, kalsiamu 3.9, magnesiamu 0.7, chuma sehemu 310 kwa milioni. Karatasi iliweka kiwango cha kutosha cha kalsiamu kuwa asilimia 1.0 hadi 3.0. Kwa maneno mengine, mmea uliokuwa unatibiwa upungufu wa kalsiamu ulikuwa na kalsiamu ya kupita kiasi, na jani lililopauka kana kwamba halina chuma lilikuwa na chuma tele. Kikundi kikaamua maabara imechanganya mifuko. Haikuchanganya.

Kipimajoto kinaingia

Mshauri aliyeitwa mwishoni mwa Februari hakuanza na mbolea. Alitundika kipimajoto cha juu-na-chini ndani ya kiboksi cheupe chenye matundu, kwenye kimo cha kichala kinachochanua, katikati ya kivungulio, na kingine hatua tatu kutoka mlangoni. Kipimajoto cha udongo kikachomekwa sentimita 10 chini, kando ya shina. Kwa siku tano mfululizo usomaji ulifanana.

Nje saa nane mchana ilikuwa nyuzi 32. Karibu na mlango 36. Katikati 42. Usiku katikati haikushuka chini ya 26. Udongo chini ya plastiki nyeusi ulifika nyuzi 37, na maji ya tangi alasiri yalikuwa 36.

Hapo kulitokea jambo linalofaa kusimuliwa, kwa sababu lilikaribia kuwapotosha wote. Mshauri alifungua mwisho wa mpira mmoja saa saba, na maji ya kwanza yakamchoma mkono: nyuzi 47. Kila aliyekuwepo alisema mwizi amepatikana, mizizi inapikwa. Wakakata makuti siku hiyohiyo kufunika mipira yote. Ila piga hesabu. Mpira wa milimita 16 hubeba takriban lita 0.15 kwa kila mita. Mistari kumi ya mita 30 ni mita 300, kwa hiyo maji yaliyolala ndani yake ni lita 46 hivi. Zikigawiwa matundu 1,000, kila mche unapata mililita 46 za maji moto, kikombe kidogo cha kahawa kisichojaa, kabla ya maji ya tangi kufika. Kiasi hicho hakipiki kitu. Joto la mizizi lilitoka kwenye plastiki nyeusi iliyokaa juani kutwa, na kwenye tangi.

Kisha majani yakachumwa upya, safari hii kwa utaratibu. Saa mbili asubuhi, wiki mbili baada ya mpulizo wa mwisho, jani la nne kutoka ncha pamoja na kikonyo chake, majani 25 kutoka mistari ya katikati na 25 kutoka karibu na mlango. Kando yake, mifuko miwili mingine ya vijani vichanga vya ncha kabisa, kutoka sehemu hizohizo. Yote yakasuuzwa haraka kwa maji safi ya mvua, yakapanguswa, yakatiwa bahasha za karatasi na kuanikwa kivulini kabla ya kusafirishwa.

Jani la nne lilikuwa na kalsiamu asilimia 2.1 mlangoni na 2.6 katikati. Jani changa la ncha lilikuwa na 1.1 mlangoni na 0.6 katikati. Chuma kilishuka hadi 95, kwa sababu vumbi lilikuwa limeoshwa.

Nyanya 100 zilihesabiwa kila upande: mlangoni 17 zilikuwa na kitako cheusi, katikati 38. Udongo ni mmoja, maji ni yale yale, mbolea imetoka ndoo moja.

Maamuzi na sababu zake

Mwenyekiti alitaka kung'oa miche yote na kupanda upya. Walikubaliana kungoja wiki sita, kwa hoja kwamba vichala vya nane na tisa vilikuwa ndiyo kwanza vinachanua na bado vingeweza kuokolewa. Vilivyooza havina dawa. Tunda huhitaji kalsiamu wakati chembe zake zinatanuka kwa kasi, katika wiki mbili tatu za mwanzo baada ya ua kushika. Doa unaloliona leo ni deni la siku hizo.

Hewa ndiyo iliyoshughulikiwa kwanza. Plastiki ya kuta mbili ndefu ilikatwa hadi kimo cha mita mbili na kuwekwa neti ya wadudu, na juu ya paa ikatandazwa neti ya kivuli ya asilimia 35. Kulikuwa na ubishi kuhusu neti ya kuta. Yenye matundu madogo sana huzuia nzi weupe lakini huzuia upepo pia, na upepo ndio uliokuwa unatafutwa. Walichagua yenye matundu mapana kidogo, wakijua wanachokubali.

Plastiki nyeusi ya matuta ilitolewa, pakatandazwa nyasi kavu unene wa sentimita 7 au 8. Makumbi ya nazi yalipendekezwa kwa kuwa yamejaa tele, ila makumbi mabichi yana chumvi na yangehitaji kulowekwa na kumwagwa maji mara kadhaa. Kwenye maji ya EC 1.6 hakuna nafasi ya chumvi ya ziada. Tangi likapakwa chokaa.

Umwagiliaji ulibadilika. Awali lita 1,000 zilitolewa saa mbili asubuhi na 800 saa saba mchana. Sasa maji yaleyale yaligawanywa mara nne: lita 500 saa kumi na mbili asubuhi, 500 saa nne, 400 saa sita kasoro, na 400 saa kumi na moja jioni. Awamu ya jioni ndiyo iliyoshangaza kikundi, maana walifundishwa kwamba kumwagilia jioni huleta ukungu. Kwa maji ya kurusha juu ya majani ni kweli. Kwa matone yanayoingia chini ya nyasi, hatari ni ndogo, na faida yake itaonekana katika uchambuzi.

CAN ilisimamishwa. Nusu ya nitrojeni yake ni ya amonia, na amonia hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Badala yake wakaweka kalsiamu naitreti kidogo kidogo, na salfeti ya potasiamu, kwa kuwa potasiamu ya jani ilikuwa chini katika vipimo vyote viwili. Mpulizo wa kalsiamu juu ya majani uliachwa kabisa. Kwa majani yaliyopauka, walitumia chuma cha aina ya EDDHA udongoni, kiambata kinachoshikilia chuma kisigande hata kwenye udongo wa chokaa. Cha EDTA walichokuwa nacho dukani huachia chuma chake pH ikishapita 6.5 hivi, na kwenye udongo wa matumbawe ni kumwaga pesa.

Matokeo

Wiki moja baada ya neti na nyasi, joto la katikati saa nane lilikuwa 35, udongo 31. Tangi lililopakwa chokaa lilishuka nyuzi tatu, hadi manyunyu ya kwanza ya Aprili yalipoiosha chokaa yote ikabaki michirizi.

Vichala vya nane na tisa vilitoka na vitako vyeusi 9 katika kila nyanya 100 za katikati. Ncha zilirudi kijani ndani ya siku kumi na mbili. Lakini vichala hivyo vilishika nyanya mbili au tatu kila kimoja, badala ya tano sita, kwa sababu maua yake yaliundwa katika joto la Februari, na chavua ya nyanya huharibika mchana ukizidi nyuzi 35 au usiku ukibaki juu ya 24. Soko la Ramadhani likapita na makreti machache.

Mnunuzi mmoja alirudisha kreti mbili akisema nyanya "zimeiva kwa hila", kwa kuwa zilikuwa na rangi ya machungwa, hasa mabegani. Hapakuwa na hila. Rangi nyekundu ya nyanya, laikopini, huacha kutengenezwa vizuri tunda likizidi nyuzi 30 hadi 32, wakati ile ya manjano inaendelea. Upungufu wa potasiamu unaongezea.

Na neti ya matundu mapana ilidai malipo yake. Nzi weupe waliingia, na miche 60 hivi iliyopata ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano ikang'olewa.

Uchambuzi

Kalsiamu husafiri ndani ya mmea kwa njia moja: mto wa maji unaopanda kutoka mizizini kupitia mirija ya zailemu. Ikishatua kwenye jani haitoki tena. Nitrojeni, potasiamu, fosforasi na magnesiamu hupanda njia hiyohiyo lakini zinaweza kupakiwa upya kwenye floemu, mirija inayosafirisha chakula, pamoja na sukari na kupelekwa panapohitajika. Ndiyo maana mmea wenye njaa ya nitrojeni huonyesha manjano kwenye majani ya chini, yaliyonyang'anywa, na mwenye njaa ya kalsiamu huumia ncha na tunda. Pia ndiyo maana dawa ya kalsiamu iliyopulizwa jani haifiki kwenye nyanya iliyo sentimita kumi kando yake.

Sasa weka joto. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 65 ina kiu, yaani nguvu ya kuvuta mvuke, ya takriban kilopaskali 1.7. Hewa ya nyuzi 42 yenye unyevu wa asilimia 45 ina kiu ya 4.5, karibu mara tatu. Jani, lenye vitundu maelfu, linafyonzwa maji kwa nguvu zote. Tunda la nyanya lina ngozi laini isiyo na vitundu na halitoi mvuke wa kutajika, na kijani cha ncha kilichojikunja ndani vilevile. Mto mzima unakwenda kwenye majani makubwa, na kalsiamu inakwenda na mto. Hivi ndivyo jani la katikati lilivyokuwa na kalsiamu nyingi kuliko la mlangoni, huku ncha yake ikiwa na nusu tu. Mmea haukukosa kalsiamu. Joto liliigawa vibaya.

Usiku mgao hurekebishwa kidogo. Vitundu vikifungwa na hewa ikiwa na unyevu, kama ilivyo pwani usiku mwingi, mizizi husukuma maji juu kwa nguvu yake yenyewe, na msukumo huo hufika hata kwenye tunda na ncha. Sharti ni udongo uwe na maji jua linapotua. Kikundi kilikuwa kinamwagilia mara ya mwisho saa saba, mchanga ukiwa mkavu kufika magharibi. Kwa maoni yetu hizo lita 400 za jioni ndizo maji yaliyofanya kazi kubwa kuliko yote.

Mizizi nayo ina hesabu yake. Kalsiamu huingia zaidi kupitia ncha changa za mizizi. Maji ya nyuzi 25 hubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 35 hubeba 6.9, na wakati huohuo mzizi wenye joto unahitaji oksijeni zaidi kupumua. Udongo wa nyuzi 37 ulikuwa unaua ncha hizo na kupunguza lango lenyewe.

Sampuli ya kwanza ilipotosha kwa njia nne zilizolundikana. Jani zee hukusanya kalsiamu maisha yake yote huku nitrojeni na potasiamu yake ikihama, kwa hiyo lilionyesha moja juu na nyingine chini. Mabaki ya dawa yalibaki juu yake. Vumbi lilipandisha chuma. Na jani bichi ndani ya plastiki, kwenye basi lenye joto, linaendelea kupumua na kuteketeza sukari yake: uzito mkavu unapungua, madini yanabaki, asilimia zinapanda. Mtego wa tano ni wa joto lenyewe. Mmea ukisimama kukua kwa sababu ya jua kali, madini yanayoingia hayagawanywi kwenye majani mapya, na jani huonekana limeshiba kumbe limedumaa. Namba ya maabara isomwe pamoja na kipimajoto na urefu wa mche, la sivyo inasema kinyume.

Kuhusu chuma, hata 95 haikutosha kusema mmea una afya. Kwenye udongo wa chokaa, jani linaweza kuwa na chuma ambacho halikitumii. Maabara hupima jumla, haitenganishi. Jibu lilikuwa kwenye rangi ya ncha baada ya EDDHA.

Mafanikio yasipewe neti peke yake. Vichala vya nane na tisa vilikuwa na nyanya chache, na nyanya chache hugombea kalsiamu kidogo. Aprili ilikuja na mawingu. CAN ilisimama wiki ileile nyasi zilipotandazwa. Hatua zilifanywa zote pamoja kwa sababu kikundi hakikuwa na muda wa kujaribu moja moja. Na sampuli mbili si utafiti. Hata hivyo, tofauti ya mlangoni na katikati ilikuwepo kabla ya hatua yoyote, chini ya mbolea ileile, na hiyo haielezeki bila joto.

Makuti juu ya mipira hayakusaidia kitu na yalikula siku mbili za kazi. Kupaka tangi chokaa kulisaidia kidogo. Kibanda cha makuti juu ya tangi kingesaidia zaidi na kisingeoshwa na mvua.

Msimu uliofuata miche iliingia kivungulioni mwishoni mwa Aprili, izae Julai hadi Septemba wakati wa kusi, msimu usio na joto kali. Jani la nne la mistari ya katikati lilipopimwa mwezi Julai lilikuwa na kalsiamu asilimia 1.9, chini ya lile la Februari, na vitako vyeusi vilikuwa 2 katika 100.